Matanga ya Squirrel Hill: Niliyokosea Nilipokwenda Kuwapa Pole Majirani Zangu Wayahudi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubonyeza kengele ya mlango. La pili lilikuwa maua niliyoyashika mkononi, la tatu sambusa za nyama zilizokuwa zikinukia ndani ya mfuko, na la nne, ambalo ndilo linaloniumiza mpaka leo, lilikuwa maneno niliyoyasema kabla hata sijaketi. Ilikuwa Alhamisi tarehe 1 Novemba 2018, katika nyumba ya matanga mtaani Squirrel Hill, jijini Pittsburgh, na wafiwa niliokwenda kuwapa pole walikuwa Wayahudi. Siku tano kabla yake mtu mwenye bunduki alikuwa ameingia katika sinagogi la mtaa huo na kuua watu kumi na mmoja. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wanaozungumza Kiswahili walio katika miji ya Marekani, Kanada na Ulaya, ambao hujikuta wakiishi ukuta kwa ukuta na watu wa dini hiyo, wasijue la kufanya siku majirani wao wanapochukiwa hadharani. Mimi sikujua, na kutojua kwangu kuliwagharimu watu waliokuwa tayari na msiba.

Nilizaliwa Uvira, katika Kivu ya Kusini huko Kongo, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 2008 niliikimbia nikiwa nimemshika mkono kijana wangu wa miaka sita, na mimba ya mdogo wake tumboni. Tuliishi Nairobi miaka minane, mingi kati ya hiyo katika chumba kimoja cha mabati huko Kayole. Huko ndiko nilikokutana kwanza na HIAS. Kwangu zilikuwa herufi nne tu, jina la ofisi ambako mshauri mmoja, mama wa Kikenya mwenye subira, alinisikiliza wiki baada ya wiki wakati nilipokuwa sipati usingizi. Sikuwahi kuuliza herufi hizo zina maana gani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba zilikuwa kifupi cha Hebrew Immigrant Aid Society, kwamba shirika hilo lilianzia New York mwishoni mwa karne ya 19, likiwapokea Wayahudi waliokimbia mauaji katika milki ya Urusi, na kwamba wakimbizi wa Kiyahudi walipopungua halikufunga milango, bali liliendelea na kazi ile ile kwa watu wa dini na taifa lolote, wakiwemo Wakongomani kama mimi.

Tulifika Pittsburgh mwezi Aprili 2016. Waliotupokea uwanja wa ndege walitoka katika shirika la huduma la Wayahudi wa mji huo, na katika nyumba tuliyopangishiwa tulikuta mchele, maharagwe, sufuria mpya na vitanda vilivyotandikwa. Mmoja wa waliojitolea kutusaidia alikuwa mwalimu mstaafu, mjane aliyekaribia miaka themanini, ambaye watoto wangu walimbatiza jina la Bibi wa Murray kwa sababu aliishi karibu na barabara ya Murray. (Nilipomtafsiria kwamba watoto wamembatiza, alicheka mpaka akaomba maji.) Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda basi la 61D, kusoma bili ya umeme, na kumwambia msimamizi kazini kwamba sitafanya zamu mbili mfululizo.

Katika mwaka ule wa kwanza nilimwambia neno nililodhani ni sifa. Inafaa nieleze lilikotoka. Katika kanisa letu kule nyumbani tuliimba habari za Sayuni kila Jumapili na kuiombea Yerusalemu amani, kisha ifikapo Ijumaa Kuu tukahubiriwa kwamba Wayahudi walimwua Yesu, na mambo hayo mawili yalikaa moyoni mwangu bila kugombana. Nairobi nikaongezewa la tatu: kwamba benki zote za dunia ni zao. Basi siku moja tukinywa chai nikamwambia Bibi, kwa nia njema kabisa, kwamba wao Mungu amewapa akili ya pesa. Akaweka kikombe chini. Hakukasirika, ila alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomzoea, kisha akaniuliza kama sijawahi kumwona dukani akikata kuponi za punguzo. Akanisimulia kwamba baba yake alikuwa akipiga pasi suruali za watu katika kiwanda cha dobi, na kwamba bibi yake mzaa mama aliliona duka la familia likiporwa katika mji mdogo ambao siku hizi uko Ukraine. Duka lenyewe lilikuwa na chumvi, mafuta ya taa na sindano. Kabla ya watu kuvunja duka, alisema, lazima kwanza mtu awaaminishe kwamba limejaa. Kisha akanimiminia chai nyingine, na suala hilo hakulirudia tena.

Nililirudia mimi, kichwani mwangu, kwa muda wa miezi. Sisi tuliotoka Kivu tunajua jinsi uvumi kuhusu kabila la jirani unavyotangulia mapanga, na bado sikuwa nimeutambua uvumi huo huo uliponijia umevaa mavazi ya sifa. Kwa hiyo la kwanza ninalomshauri mtu ni ajikague yeye mwenyewe mapema, kabla msiba haujatokea, kwa maana siku ya msiba ulimi hutoa kile kilichokuwa kimehifadhiwa.

Jumamosi tarehe 27 Oktoba 2018 nilikuwa zamu katika chumba cha kufulia nguo cha nyumba ya wazee. Karibu saa nne asubuhi simu zikaanza kulia, kisha ving'ora. Jengo la sinagogi la Tree of Life, kwenye pembe ya barabara za Wilkins na Shady, lilikuwa likitumiwa na jumuiya tatu za ibada: Tree of Life yenyewe, New Light, na Dor Hadash. Waliouawa walikuwa na umri wa kuanzia miaka 54 hadi 97. Walikuwemo ndugu wawili wa tumbo moja ambao hawakukosa ibada, mume na mke waliofunga ndoa katika sinagogi hilo hilo miaka zaidi ya sitini iliyopita, na daktari aliyewatibu wagonjwa wa Ukimwi tangu enzi ambazo wengine waliogopa hata kuwashika mkono. Wengi wao walikuwa wale wazee ambao katika kila kanisa na kila msikiti hufika kabla ya watu wengine, wakapanga vitabu, wakajua nani hajaonekana wiki hii.

Mchana ule ndipo nilipousoma ujumbe ambao muuaji aliuandika kwenye mtandao muda mfupi kabla ya kuingia. Alikuwa ameitaja HIAS. Wiki moja kabla, jumuiya ya Dor Hadash ilikuwa imeungana na masinagogi mengine ya Marekani katika Sabato maalumu ya kuwakumbuka wakimbizi, na yeye aliona kwamba Wayahudi wanaingiza wavamizi nchini kwake. Nilizitazama zile herufi nne, nikakaa juu ya rundo la shuka chafu. Mvamizi alikuwa mimi, na kijana wangu, na binti yangu aliyekuwa darasa la nne akipenda kuchora farasi.

Hapo nilifanya kosa ambalo nimeona wengine wengi wakilifanya baadaye: nilijificha. Siku mbili sikumpigia Bibi simu. Nilijiambia kwamba ninampa nafasi ya kuomboleza, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa atanitazama kama sababu ya vifo vile. Jumapili usiku akapiga yeye. Sauti yake ilikuwa imekauka. Aliniuliza kama watoto wamekula, na kama kuna mtu yeyote aliyewasumbua njiani. Nikalia, nikamwambia kwamba watu wake wamekufa kwa ajili yetu. Akanijibu: "Hapana. Wamekufa kwa sababu ya mtu mwenye chuki, na wewe usimbebee mzigo wake." Baadaye kidogo akaniambia nifungue Biblia yangu, Mwanzo sura ya 18, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya Torati iliyopangwa kusomwa Jumamosi ile katika masinagogi yote ya dunia. Nilifungua. Ni habari ya Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa hari ya mchana, akawaona wageni watatu asiowajua, akapiga mbio kuwalaki, akawaletea maji ya kunawa miguu na mkate.

Ikiwa una jirani Myahudi na jambo kama hili likatokea, piga simu siku ile ile. Ujumbe wa maneno kumi unatosha. Wengi waliniambia baadaye kwamba kilichowauma baada ya msiba wenyewe ni simu za marafiki wasiokuwa Wayahudi ambazo hazikulia, na kila aliyenyamaza alikuwa na sababu nzuri kama yangu.

Nirudi sasa kwenye nyumba ya matanga. Wayahudi wana siku saba za kukaa msibani baada ya maziko, nao huziita shiva, neno lenye maana ya saba. Kwa kuwa sisi nasi tuna matanga, nilidhani hakuna geni. Lakini mlango wa nyumba ya shiva huachwa bila kufungwa kwa ufunguo, ili mfiwa asisumbuliwe kuinuka na kumpokea mgeni, na mimi nikabonyeza kengele mpaka kijana mmoja akaja mbio akidhani ni polisi. Maua hawapelekeani msibani. Nyama haiingii katika nyumba inayofuata sheria zao za chakula isipokuwa imechinjwa na kupikwa kwa taratibu za kosheri, ambazo ni kali kama halali ya Waislamu na katika mambo kadhaa zinaizidi, kwa sababu hata sufuria na sahani zina masharti yake. Mama mfiwa alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, vioo vya sebuleni vimefunikwa kwa shuka. Nikamwinamia, nikamshika mikono, nikasema kwa sauti kwamba haya ni mapenzi ya Mungu, Yeye ndiye aliyetoa na Yeye ndiye aliyetwaa.

Alinitazama, kisha akatazama sakafu. Hakuna aliyenikemea. Bibi wa Murray, aliyekuwa jikoni, alinichukua taratibu akanipeleka nyuma, na hapo ndipo aliponieleza kwamba desturi yao ni mgeni kukaa kimya mpaka mfiwa mwenyewe aanze kusema. Asiposema, mnakaa kimya pamoja, na hiyo inahesabiwa kuwa umemfariji. Kwetu mgeni anayenyamaza msibani ataulizwa ana kinyongo gani. Kwao kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Kuhusu mapenzi ya Mungu, alisema kwamba bunduki ilinunuliwa na mtu, na mama yule hakuwa tayari kuambiwa na mgeni kwamba Mungu ndiye aliyeinunua. Sambusa zangu thelathini zililiwa na maofisa wawili wa polisi waliokuwa wakilinda barabara, na mmoja wao aliniomba nimwandikie jinsi ya kuzipika.

Tangu siku hiyo nimekwenda kwenye shiva nyingine, na hivi ndivyo ninavyofanya. Nasukuma mlango polepole bila kubisha. Nabeba matunda mazima yasiyokatwa, machungwa au tufaha, kwa sababu tunda zima halileti shida katika nyumba nyingi. Au kama nina pesa naagiza sinia kutoka duka la kosheri na kuliacha limefungwa na muhuri wake. Mara ya kwanza lilinigharimu dola 46, karibu mshahara wangu wa nusu siku, nikajuta kidogo nilipolipa na sikujuta tena nilipoona linavyofunguliwa. Naketi. Nikiulizwa nasema kitu kimoja ninachokumbuka kuhusu marehemu. Kama sikumfahamu naomba nielezwe habari zake, na mara nyingi hapo ndipo mfiwa anapoanza kuzungumza. Wakati wa kuondoka nasema walivyozoea wao, kwamba kumbukumbu yake iwe baraka.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na ambalo lilinifanya nione aibu kwa kudhani kwamba imani yao ni sheria za vyakula tu, ni kazi ya kundi linaloitwa hevra kadisha. Ni watu wa kawaida, wahasibu, walimu, wauza maduka, wanaojitolea kuwaosha na kuwavika sanda wafu wa jumuiya yao. Kwa kuwa maiti haiachwi peke yake kabla ya kuzikwa, walikaa kwa zamu usiku na mchana katika ofisi ya mchunguzi wa vifo, wakisoma zaburi karibu na miili iliyokuwa ikisubiri uchunguzi. Baadaye waliingia katika jengo lile kukusanya damu iliyomwagika, ili nayo izikwe pamoja na mwenyewe. Wema huu wanauita wema wa kweli, kwa sababu aliyekufa hawezi kukurudishia. Mtu aliyetoka Kivu, ambako nimewaacha wa kwetu bila kaburi, hawezi kusikia habari kama hiyo akabaki alivyokuwa.

Na yule muuaji, aliyekuwa amejeruhiwa, alipelekwa hospitali ambako miongoni mwa waliomhudumia walikuwemo Wayahudi. Muuguzi mmoja, mwana wa rabi, aliandika baadaye kwamba alimtibu kwa upendo bila mgonjwa kujua kwamba anayemtibu ni Myahudi. Nilimuuliza Bibi kama yeye angeweza. Akafikiri. Akasema angempa maji, ila hajui kama angeweza kumtazama usoni. Nililipenda jibu hilo kuliko mahubiri mengi niliyosikia wiki ile.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 3 Novemba, masinagogi ya Marekani yaliwaalika majirani wa dini zote waje wasali pamoja nao. Nilikwenda na watoto wote wawili kwenye sinagogi analosali Bibi. Hapa sina budi kueleza jambo lisilopendeza. Kijana wangu alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mweusi, amevaa koti lenye kofia, na begi la shule mgongoni. Mlinzi alimsimamisha umbali wa hatua ishirini akamwamuru aweke begi chini na kuinua mikono. Wazungu wawili wenye mifuko walikuwa wamepita mbele yetu kwa kuonyesha tu. Kijana aliinua mikono, macho yake yakiwa yamejaa machozi ya hasira, na mimi nilikuwa nusu ya kugeuza njia nirudi nyumbani. Walinzi wale walikuwa na sababu ya kuogopa kila begi, na mwanangu alikuwa na sababu ya kuogopa kila mlinzi, na sababu hizo mbili zilikuwa zimekutana kwenye ngazi za nyumba ya Mungu. Rabi alikuja nje mwenyewe. Hakumtetea mlinzi wala hakumlaumu mbele yetu. Alimwomba kijana radhi, akamuuliza jina lake, akamketisha safu ya mbele karibu na mkewe. Juma lililofuata sinagogi hilo likawaita vijana weusi wa mtaa na wazazi wao wazungumze na walinzi, na mwanangu alikwenda na kusema yote aliyokuwa nayo. Hakusamehe siku ile. Ilimchukua muda, na sikumharakisha.

Anayetaka kwenda katika ibada ya Kiyahudi siku hizi apige simu ofisini kwao siku mbili tatu kabla, ataje jina lake na watu atakaofuatana nao, kwa sababu masinagogi mengi sasa yana walinzi wenye silaha na orodha mlangoni. Aache begi nyumbani. Azime simu na asipige picha siku ya Sabato, kwa maana kutumia vifaa vya umeme siku hiyo kwa wengi wao ni mwiko. Mimi nilipiga picha moja ya madirisha ya vioo vya rangi na bibi mmoja akanifunika simu kwa kiganja chake huku akitabasamu. Mwanamume akipewa kofia ndogo ya kichwani aivae, hata kama si dini yake.

Nilikuwa na kazi ngumu zaidi kanisani kwetu, ambako tunasali Wakongomani, Warundi na Watanzania wachache. Mchungaji na wazee wa kanisa waliguswa sana. Wakapanga kwenda Squirrel Hill na kwaya nzima, waimbe nyimbo za injili nje ya masinagogi na kugawa vijitabu vya wokovu, wakiamini kwamba hakuna faraja inayopita hiyo. Niliomba ruhusa ya kusema, jambo ambalo wanawake kwetu hatulifanyi ovyo, nikawauliza wangejisikiaje kama siku ile nyumba zetu zilipochomwa wangekuja watu kutuambia kwamba dini yetu ndiyo iliyokosea. Baba mmoja alisema nimebadilika, nimekuwa Myahudi. Tulibishana karibu saa mbili. Mwishoni tulituma watu sita tu, bila vijitabu, wakafagie majani yaliyodondoka katika nyumba za wazee watatu waliokuwa msibani na kuwapeleka wajukuu wao wadogo shuleni. Kwaya ilinuna kwa muda.

Waislamu wa mji walitutangulia kwa mbali. Katika mkutano wa maombolezo wa Jumapili tarehe 28 Oktoba, kiongozi wa kituo cha Kiislamu alisimama akatangaza kwamba Waislamu wamekwisha kuchanga zaidi ya dola 70,000 kwa ajili ya maziko na majeruhi, na kwamba ikihitajika watakuja kusimama nje ya masinagogi kuyalinda. Mchango ule ulivuka dola 200,000. Mwezi Machi 2019, mtu mwenye chuki alipowaua Waislamu 51 misikitini huko Christchurch, New Zealand, Wayahudi wa Pittsburgh wakachanga wao. Kwetu tunasema watu huzikana, na sikutegemea kuliona jambo hilo likifanyika kati ya dini mbili ambazo kila mtu huniambia haziwezi kukaa meza moja.

Tangu Oktoba 2023, vita vya Israel na Hamas vilipoanza, mambo yamekuwa magumu zaidi, hasa kwenye simu. Katika kundi letu la WhatsApp la ukoo, lenye watu wa Uvira, Bujumbura, Nairobi na Ohio, zilianza kumiminika sauti na picha zinazosema Wayahudi wote ni hivi na vile. Mimi nimewalilia watoto wa Gaza, nami najua maana ya kukimbia mabomu na mtoto, lakini sikuona kwa nini Bibi wa Murray atakiwe kujibu kwa niaba ya serikali asiyoipigia kura. Mwanzoni nilijibu kundini kwa ukali, aya kwa aya, na nikaondolewa na mjomba wangu kwa siku tisa. Baadaye nilibadili njia. Sasa nampigia mhusika peke yake, namsalimia, namuuliza hali ya watoto, kisha namsimulia habari ya sufuria mpya na vitanda vilivyotandikwa. Wawili wamefuta walichotuma. Mjomba hajafuta, ila ameacha kutuma kingine.

Kesi ya muuaji ilifika mahakamani mwaka 2023, na mwezi Agosti akahukumiwa kifo. Wageni hudhani kwamba watu wenye upendo huwa na maoni mamoja, hapana. Familia nyingi za waliouawa ziliiunga mkono adhabu hiyo, wengine katika jumuiya waliipinga kwa sababu za imani, na waliendelea kusali pamoja. Bibi hakuniambia yuko upande gani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sehemu kubwa ya jengo ilibomolewa ili lijengwe jipya, na tulikwenda pamoja kuangalia kutoka upande wa pili wa barabara, yeye akiwa amekaa juu ya kiti cha mkokoteni wake wa kutembelea.

Dada yangu, ambaye faili lake lilikuwa limekwama Nairobi tangu mwaka 2017, aliwasili hatimaye Novemba 2024 na wanawe wawili, wiki ile ile ambayo Wayahudi husoma habari za Ibrahimu na wageni watatu. Nilimwambia Bibi asisumbuke, uwanja wa ndege ni mbali na kulikuwa na baridi. Nilipofika nikamkuta amekwisha kufika, amevaa koti la marehemu mumewe, mapajani ana mfuko wa karatasi. Dada yangu akaninong'oneza kuuliza huyu bibi ni nani. Kabla sijajibu, Bibi alikuwa ameufungua mfuko akimpa mdogo wa watoto chungwa zima, lenye ganda lake, na kunieleza kwa Kiingereza chake cha mwalimu kwamba hakujua wageni wanakula nini na hawali nini, hivyo akaleta kitu ambacho hakiwezi kumkosesha mtu. Mtoto alilimenya ndani ya gari, na maganda akayaweka mfukoni mwa koti langu.